Namba ya jeshi hana, lakini majeruhi aliwabeba

Nina steshenari hapa Makambako, nachapa barua, natoa kopi, najaza fomu, na wateja wangu wengi ni wazee. Anakuja mtu na bahasha ya kaki imekunjwa mpaka imelainika, anakwambia mwanangu nisomee hapa wameandika nini, unasoma unakuta wanamtaka alete cheti ambacho hakuna mtu aliyewahi kumpa. Kilichonifanya niandike leo ni kwamba kuna wazee walienda vita ya Kagera kama madereva wa kujitolea, wakabeba majeruhi, wakarudi nyumbani, na mpaka sasaivi kwenye karatasi za serikali hawaonekani popote. Mmoja wao ni bamdogo wangu. Nimehangaika na suala lake na nimejifunza kitu kimoja ambacho nataka wenye wazazi wa namna hiyo wakijue, kwamba hawa wazee wanaulizwa swali ambalo sio. Wanaulizwa "ulikuwa mwanajeshi?" wakati cha kuwauliza ni "ulikuwa chini ya amri ya nani?"

Bamdogo alikuwa dereva wa hospitali ya misheni huku Njombe, enzi hizo Njombe bado ni wilaya ya mkoa wa Iringa. Alikuwa anaendesha Landrova ya wagonjwa, anatoa mama wajawazito vijijini, barabara za tope na ukungu ule wa asubuhi ambao mtu wa huku anaujua, unaendesha huoni hata boneti. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu akatoa ile hotuba ya Novemba ya uwezo tunao, sababu tunazo na nia tunayo, nchi nzima ilinyanyuka. Watu walitoa ng'ombe, mahindi, hela, magari yalichukuliwa, malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika, mgambo wakachukuliwa kwa maelfu. Wilayani likatoka tangazo wanatafutwa madereva wenye leseni na wenye uzoefu wa barabara mbaya, na bamdogo akajiandikisha. Hakuna aliyemlazimisha. Hospitali ikakubali gari liende na dereva wake, na mshahara wake wakaendelea kumpa mama mdogo kila mwisho wa mwezi. Hili la mshahara lishikeni maana baadae lilikuja kutumika dhidi yake.

Wakapanda Mafinga, Iringa, wakashuka Mtera, Dodoma, Singida, Shinyanga mpaka Mwanza, kule wakavushwa na meli hadi Bukoba. Anasema kitu alichokiona tofauti tangu siku ya kwanza ni joto na mbu, mtu aliyezoea baridi ya Njombe unalala Bukoba unahisi umewekwa jikoni. Halafu kazi ikaanza. Daraja la Kyaka maadui walikuwa wamelivunja, wanajeshi wetu wakaweka la muda, na magari ya majeruhi yakawa yanasubiri zamu kuvuka pamoja na magari ya risasi na chakula, na ya risasi ndo yanapita kwanza. Nyuma ya Landrova zinaingia machela mbili, wale wanaoweza kukaa wanakaa pembeni kwenye benchi, mmoja mwenye nafuu anashika chupa ya dripu juu. Usiku taa haziruhusiwi. Anaendesha kwa kufuata weupe wa barabara na sauti ya utingo wake aliyekuwa anatembea mbele kwenye sehemu mbaya, na nyuma mtu analia kila tairi likiingia shimoni, na yeye anajua akipunguza mwendo yule mtu anaweza asifike, akiongeza anamuumiza. Nilimuuliza alikuwa anafanyaje, akasema anaongea nao. Anawaambia majina ya vijiji. "Tumefika mahali fulani, bado kidogo." Hata kama sio kidogo.

Jeshi lilipoingia Uganda 1979 naye alienda. Alifika Masaka baada ya kutekwa ule mwezi wa pili, akawa anarudisha majeruhi nyuma kuelekea mpakani na Bukoba, wenye hali mbaya zaidi wanavushwa kupelekwa Mwanza. Wakati wa mapigano ya Lukaya mwezi wa tatu alikaa kwenye usukani mpaka miguu ikavimba akawa hawezi kuvaa viatu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, yeye hakufika Kampala, gari lilikuwa limeshakufa springi. Akarudi nyumbani katikati ya mwaka, akarudishwa kwenye kazi yake ileile ya kubeba mama wajawazito, maisha yakaendelea. Mwalimu alikuwa amesema tufunge mkanda miezi 18, watu wakafunga, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa kuulizana nani alifanya nini vitani.

Alipewa karatasi moja ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Ilikaa kwenye sanduku juu ya dari ya jikoni, moshi ukaila na panya wakamalizia. Hiyo ndo ilikuwa kumbukumbu yake yote.

Miaka hii ya uzeeni mgongo ukaanza kumsumbua, na kila tarehe 25 Julai akiona Siku ya Mashujaa kwenye tivii, wazee wenzie wamevaa medali, anakaa kimya siku nzima. Tukasema twende tukaulize. Ofisi ya kwanza tuliyoingia, na siitaji maana shida hii haiko kwao peke yao, karani alikuwa na adabu kabisa, akamuuliza mzee namba yako ya jeshi. Hana. Ulikula kiapo? Hapana. Ulilipwa na nani? Na hospitali. Uliendaje? Nilijitolea. Yule karani akaandika kwa herufi kubwa KUJITOLEA, akasema mzee wangu shikamoo, nakuheshimu sana, lakini wewe ulikuwa raia msamaria. Bamdogo akasimama akasema asante mwanangu, akatoka. Njiani kurudi hakuongea mpaka tunafika Igawa.

Mi iliniuma sana, kwasababu kujitolea ndo kulikuwa kumegeuzwa ushahidi dhidi yake. Yaani angekuwa ameburuzwa kwenda angekuwa na haki zaidi kuliko kwa vile alinyoosha mkono mwenyewe. Hapo ndo nikaanza kutafuta kama kuna mahali popote duniani watu wa aina hii waliwahi kudai na wakapata. Mdogo wangu alikuwa anasoma MUST pale Mbeya, akanitafutia, tukakaa na simu usiku tunasoma, na tukakuta Wamarekani walipita hukuhuku.

Kulikuwa na kundi linaitwa American Field Service, AFS, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1915 na bwana mmoja A. Piatt Andrew. Vijana wa Kimarekani, wengi wa vyuo, walienda wenyewe kuendesha magari ya wagonjwa ya jeshi la Ufaransa kabla hata nchi yao haijaingia vita ya kwanza ya dunia. Vita ya pili ikaja wakafufua kazi, wakaenda Ufaransa, Afrika Kaskazini, Italia, India na Burma, na wengine walikuwepo Bergen-Belsen ile kambi ya mateso ilipokombolewa Aprili 1945. Kila vita walikuwa zaidi ya watu 2,000. Hawakuwa wanajeshi. Walivaa sare, walikula na jeshi, walipigwa mabomu na jeshi, wengine walikufa, lakini walipodai watambuliwe kama maveterani jibu lilikuwa lilelile la karani wetu, nyie mlikuwa raia mliojitolea.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya mwaka 1977, namba 95-202. Ilianza na wanawake marubani wa WASP, wanawake zaidi ya 1,000 waliorusha ndege za jeshi vita ya pili, 38 wakafa kazini, na kwa sababu walihesabiwa raia hata bendera juu ya jeneza hawakuwa na haki nayo, wenzao wakawa wanachangishana kusafirisha miili. Sheria ikawatambua wale wanawake, na ikafungua mlango kwa makundi mengine ya raia kuomba. Ikawekwa bodi ya kusikiliza, uamuzi ukawa kwa waziri wa jeshi la anga. Mabaharia wa meli za mizigo walikataliwa kwanza, wakaenda mahakamani, wakakubaliwa Januari 1988. Na madereva wa AFS wakakubaliwa mwaka 1990. Hebu pigeni hesabu, vita iliisha 1945, karatasi ikaja 1990, miaka 45. Sisi Kagera iliisha 1979, hiyo miaka 45 tumeshaimaliza.

Na hata wao hawakukubaliwa wote kwa mkupuo. Wa vita ya kwanza waliokubaliwa ni wa kipindi cha kuanzia tarehe 31 Agosti 1917 hadi 1 Januari 1918 tu, na wa vita ya pili ni wale waliotumika ng'ambo chini ya majeshi ya Marekani kati ya Desemba 1941 na Mei 1945. Sasa AFS wengi walikuwa na Jeshi la Nane la Waingereza kule jangwani. Kwahiyo unaona mstari ulivyochorwa, na unaona kwanini ni muhimu sana kujua mtu wako alikuwa kwenye kikosi gani na tarehe gani.

Lakini kilichonifungua macho zaidi sio tarehe, ni maswali ile sheria inayosema bodi iyaangalie. Je hawa watu walipata mafunzo ya kijeshi, au kazi yao jeshi lilikuwa haliwezi kwenda bila hiyo? Je walikuwa chini ya nidhamu na amri ya jeshi? Je mtu aliruhusiwa kuacha kazi akitaka? Je aliweza kupangwa eneo la mapigano? Je alikuwa na sababu ya kuamini anahesabika yumo jeshini? Angalia, hakuna swali la mshahara ulitoka mfuko gani. Hakuna mahali kujitolea ni kosa. Namna alivyoingia wanaiacha, wanaangalia akishaingia nani alimshika.

Nilirudi kwa bamdogo na yale maswali nikiwa nimeyaandika kwa Kiswahili chetu. Tukakaa nje juani, nikaweka simu irekodi, na naomba niwaambie nilisikia mambo ambayo miaka yote ya kukaa na huyu mzee sikuwahi kuyasikia. Nikamuuliza bamdogo, asubuhi nani alikuwa anakwambia uende wapi? Akasema meja wa matibabu, na akiwa hayupo ni sajenti. Ukikataa? Akacheka, akasema utakataaje? Kuna dereva mwenzetu wa kutoka Tukuyu alipata taarifa mtoto wake anaumwa akataka kurudi, akaambiwa ukiondoka bila ruhusa wewe ni mtoro, tutakushughulikia kama tunavyoshughulikia mtoro, na akabaki, mtoto akazikwa baba hayupo. Ulilala wapi? Kwenye handaki, au chini ya gari. Chakula? Cha jeshi, foleni moja na askari. Petroli? Ya jeshi, unasaini. Nguo? Tulipewa kombati, tulivyorudi wakasema tuziache Bukoba. Ulifundishwa chochote? Walitufundisha siku za mwanzo kulala chini ukisikia mlio, kufunga damu, kuendesha gizani kwa msafara, kuficha gari kwa matawi. Silaha? Hapana, lakini utingo wangu alikuwa askari na bunduki yake, alipangiwa mimi.

Sasa huyo ni raia msamaria? Mtu ambaye akiondoka ni mtoro?

Nikaichapa yote, kurasa kadhaa, maneno yake mwenyewe kama alivyosema sikuyapaka rangi. Na hapa niwaambie wanaotaka kufanya hii kazi, usimuulize mzee "elezea historia yako ya vita", atakupa hotuba ya Mwalimu na nyimbo za mchakamchaka. Muulize alikula nini, alisaini wapi, nani alimfokea. Kwenye kufokewa ndo amri zinaonekana.

Kazi ngumu ikawa mashahidi. Nilidhani nikimpata askari mstaafu aliyebebwa na bamdogo mambo yamekwisha, na kweli kwa kuuliza uliza kupitia wazee wa MUWAWATA, umoja wa wanajeshi wastaafu, tukampata mmoja maeneo ya Iringa aliyejeruhiwa mguu karibu na Masaka. Mzee mkarimu sana, alitukaribisha ulanzi, akavua na soksi tuone kovu. Lakini alipoulizwa dereva alikuwa nani alitikisa kichwa. Anakumbuka kupigwa, anakumbuka kuamka na kumwona nesi. Katikati hapo hana kitu. Na ukifikiria ni lazima iwe hivyo, majeruhi analala chali, fahamu zinakuja zinaondoka, giza, dereva yuko mbele amempa mgongo. Wanaodaiwa maisha yao na hawa madereva ndo wasioweza kuwatolea ushahidi. Hilo lilinikaa kichwani muda mrefu sana.

Wanaokumbuka madereva ni wengine kabisa. Ni nesi aliyepokea usiku, ni fundi aliyefunga springi, ni mgawa petroli. Sisi tulimpata mgawa petroli, koplo mstaafu, anaishi Uyole, alikuwa kikosi cha usafiri. Tulipomtajia Landrova ya misheni kutoka Njombe alisema papo hapo, ile ya mlango wa nyuma umefungwa kwa mpira? Bamdogo akajibu kitasa kilivunjika Kyaka. Basi wakaanza, wakatajana mabonde na vilima, nani alikufa wapi, sajenti gani alikuwa mkali, mi na mke wa koplo tukawaachia sebule. Yule koplo alisema maneno ambayo nimeyaweka kwenye maelezo yake: mimi nilikuwa natoa mafuta kwa magari ya jeshi tu, gari la raia halipewi, na huyu alipewa kila siku kwasababu kwenye orodha yangu alikuwa wetu.

Hospitali nayo ilikuwa na daftari la magari, ninashukuru walikubali kutafuta stoo. Limeandikwa siku Landrova iliyotoka, dereva nani, na sehemu ya safari imeandikwa "Jeshi, Kagera". Siku ya kurudi pia ipo, na kilometa. Nimetoa kopi, nimeipeleka kwa kamishna wa viapo ikathibitishwa pamoja na maelezo ya bamdogo. Na ule mshahara wa hospitali tumeuweka wazi hatujauficha, tumeeleza kwamba mwajiri alimwazima mtu wake kwa jeshi na akaendelea kulisha familia yake, na hiyo ni sifa ya hospitali, haifuti kwamba amri zilitoka kwa meja.

Kuna hoja huwa naambiwa, hata ndani ya familia, kwamba tukianza kuwatambua madereva basi na aliyetoa ng'ombe atadai, na mama aliyepika maandazi ya askari stendi atadai. Nimeifikiria kwa dhati maana sio hoja ya kijinga. Jibu langu ni kwamba aliyetoa ng'ombe alitoa akarudi kulala kwake, na nchi imshukuru kama mchangiaji. Ambaye hakuruhusiwa kurudi kwake huyo ni mtu mwingine. Yale maswali ya amri na ruhusa ndo yanatenganisha, na yanatenganisha vizuri kuliko swali la namba.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kujua kwamba jeshi sio bunduki peke yake. Nyanda hizi za juu zilipitiwa na vita ya 1914 hadi 1918, Iringa mjini yapo makaburi ya vita hiyo mpaka leo, na babu zetu walibebeshwa mizigo kwa makumi ya maelfu, ndo hao wapagazi wa Carrier Corps walioacha jina la Kariakoo. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyowekwa 1927, maandishi yake yanawataja hao wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mkoloni aliliona hilo akaliandika kwenye jiwe. Lakini majina yao mmoja mmoja yako wapi? Hao tumechelewa. Wa Kagera bado tunao, wanakaa Makambako, Ilembula, Mbalizi, Vwawa, wanakohoa usiku na kesho hawajui.

Bamdogo haombi pensheni, nimemuuliza mara nyingi. Anataka jina lake liandikwe mahali, apewe cheti kinachosema alitumika, na siku ya Mashujaa akae na wenzake. Mi binafsi nataka zaidi ya hapo. Nataka kundi lote litambuliwe kwanza, halafu kila mtu alete ushahidi wake, kama walivyofanya wale wa AFS, kwasababu mzee mmoja mmoja akienda dirishani na bahasha yake atarudishwa kila siku, na karani wa dirishani hana mamlaka ya kufanya vingine hata akimwonea huruma.

Kwahiyo kama baba yako au babu yako alienda na gari la misheni, la halmashauri, la kiwanda cha chai au la chama cha ushirika wa kahawa, kutoka Mufindi, Njombe, Rungwe, Mbozi, kokote, kaa naye wiki hii. Tafuta daftari la gari kwa aliyekuwa mwajiri wake. Tafuta fundi, nesi, mgawa mafuta. Andika tarehe na jina la kikosi. Apige kiapo akiwa na sauti yake, mtoto wa marehemu anasikilizwa lakini sio kama mwenyewe. Wa Tukuyu yule aliyefiwa na mtoto ameshafariki, mjane wake ana picha moja ya mumewe amevaa kombati mbele ya gari, nyuma ya picha pameandikwa Bukoba 1979, tumeiomba na ametupa tuipige kopi, sasa mafaili ni mawili. Maelezo ya bamdogo yameshasainiwa, ya koplo nimemaliza kuyachapa, Jumatatu tunapanda basi la asubuhi kwenda Uyole akaweke sahihi.